Karatasi ya Chooni na Karo la Nyumba Yako

Mada iliyotolewa kwa wakazi na wenye nyumba katika mkutano wa mtaa, Dar es Salaam

  

Mmezoea kutuona tukija kuzungumzia dira, ankara na mgawo wa maji. Maswali yenu mengi huhusu maji yanayoingia nyumbani. Leo tumeomba nafasi tuzungumzie yanayotoka, na hasa kile ambacho wengi wetu hatupendi kukitaja mbele za watu: choo, karatasi inayotumika chooni, na karo linalopokea vyote hivyo. Tunawaomba radhi mapema wazee iwapo maneno yetu yatakuwa ya wazi. Katika jambo hili haya imekuwa ghali, kwa sababu mtu anayeona soni kuuliza kazi inavyofanyika hupokea na kulipia chochote atakachopewa.

Nyumba nyingi za jiji hili hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Uchafu wa choo huishia uani, chini ya mfuniko wa zege, na hukaa hapo mpaka gari lije. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba, atake asitake, anaendesha mtambo mdogo wa majitaka, na hakuna aliyemfundisha kuuendesha. Fundi alichimba, akajenga, akalipwa, akaondoka. Kwa hiyo tuanze na kile ambacho fundi hakukieleza.

Karo lililojengwa vizuri ni chumba kisichovuja. Majitaka yakiingia humo hutulia. Vizito hushuka chini vikawa tope. Mafuta na vyepesi huelea juu vikawa utando. Katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu, na hayo ndiyo yanayopita kwenye bomba la kutokea kwenda kwenye shimo la kunywea, ambako ardhi huyafyonza. Ndani ya tope wamo vijidudu visivyohitaji hewa, ambavyo hula uchafu usiku na mchana na kuupunguza. Havidai mshahara. Vinadai muda, na chakula ambacho vinaweza kukila. Kisichooza hubaki pale pale kikila nafasi mwaka hadi mwaka.

Nafasi hiyo inaweza kukadiriwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu vyoo vya majumbani, uliotolewa mwaka 1992, unakadiria kwamba pale uchafu unapokaa ndani ya maji, mtu mmoja huongeza lita 40 za tope kwa mwaka iwapo vitu anavyojisafishia vinaoza, na lita 60 iwapo haviozi. Tuchukue mfano wa nyumba ya wapangaji yenye watu 12, na karo lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha maji cha mita 1.5. Karo hilo lina ujazo wa lita 4,500. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba tope na utando vikifika theluthi moja ya karo, yaani lita 1,500 katika mfano huu, wakati wa kunyonya umefika. Kwa lita 40 kila mtu, nyumba hiyo huweka akiba ya tope ya lita 480 kwa mwaka, na itafika theluthi baada ya miaka mitatu na kidogo. Kwa lita 60 kila mtu, huweka lita 720, na itafika baada ya miaka miwili na kidogo. Katika kipindi cha miaka 12, nyumba ya kwanza itaita gari takriban mara nne, na ya pili takriban mara sita. Safari hizo mbili za ziada zimetokana na kile ambacho watu wa nyumba ile hujisafishia na kukitumbukiza chooni.

Basi twendeni dukani.

Karatasi nyeupe na laini hazilingani, hata zinapofanana machoni. Karatasi ya chooni hutengenezwa kwa nyuzi za miti, au za karatasi zilizorejelewa, zilizoshikana kwa ulegevu wa makusudi ili zikilowa ziachane. Tishu za kufutia uso na karatasi za jikoni, kwa upande wake, huongezewa kemikali ya kuzifanya zisichanike zinapolowa. Mezani hiyo ni sifa njema, lakini chooni ni balaa. Mwenye duka akiishiwa na roli akakupa boksi la tishu za uso, usidhani umepata kitu kile kile.

Namna ya kuzitofautisha haihitaji maabara. Chukua chupa yenye mdomo mpana na mfuniko, itie maji nusu, weka vipande viwili au vitatu vya karatasi, funga, kisha tikisa kama unavyotikisa dawa ya maji ya mtoto. Iache dakika chache, utikise tena. Karatasi nzuri ya chooni itakuwa imegeuka kama uji mwepesi wa nyuzi. Isiyofaa itakuwa bado inaonekana vipande vipande, au nzima kabisa. Ni vema kupima aina mbili au tatu kwa pamoja, kila moja na chupa yake, maana ukipima moja peke yake hutakuwa na cha kulinganishia. Hapa mezani tumeweka chupa nne tulizozitikisa kabla ya mkutano kuanza: mbili zina karatasi za chooni za bei tofauti, ya tatu ina tishu ya uso, na ya nne ina kitambaa chenye unyevu cha kufutia watoto. Zisogeleeni mzitazame.

Bei haitabiri matokeo. Karatasi nene ya matabaka matatu, yenye maua na manukato, mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi kuachana kuliko karatasi ya kawaida ya tabaka moja au mawili. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, itafuteni kwenye kila kifungashio. Lakini alama hiyo haikusudiwi kuwaambia ipi kati ya bidhaa mbili halali itakufaa zaidi karoni, na ndiyo maana chupa bado ina kazi.

Tukiwa bado dukani, hesabuni vipande. Tuseme roli moja inauzwa shilingi 600 na ina vipande 150; nyingine inauzwa shilingi 700 na ina vipande 200. Iliyoonekana rahisi ina kipande cha shilingi 4, na iliyoonekana ghali ina kipande cha shilingi 3 na nusu. Linganisheni vilevile ukubwa wa kipande na idadi ya matabaka, na mchungulie kibomba cha katikati: kikiwa kipana, roli huonekana nene bila kuwa na karatasi nyingi. Kifungashio kisichotaja idadi ya vipande hakistahili upendeleo wenu. Na palipo na upungufu dhidi ya kile kilichoandikwa, Wakala wa Vipimo yupo kwa kazi hiyo.

Wengi wenu hamtumii karatasi kabisa. Mnachamba kwa maji, kama ilivyo desturi ya watu wa pwani tangu enzi. Kwa karo, hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote, kwa kuwa maji hayaachi tope. Anayejikausha kwa karatasi baada ya maji atumie kidogo. Na kwa vyoo vya kumwagia maji kwa mkono, fahamuni kwamba kopo moja halina nguvu ya kusukuma rundo la karatasi. Hulifikisha kwenye kona ya bomba na kuliacha hapo likingoja wenzake. Mwageni nusu ndoo. Gazeti na kurasa za daftari ndizo mbaya zaidi, kwa sababu haziachani upesi. Ambaye hana fedha ya roli wiki hii atumie maji, asitumie gazeti.

Sasa yale yasiyostahili kuingia chooni kwa hali yoyote. La kwanza kwetu ni vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, pamoja na vile ambavyo kifungashio chake kinatangaza kwa Kiingereza kwamba vinaweza kutupwa chooni na kumwagiwa maji. Ni kweli vinapita. Hata sarafu inapita. Lakini vingi vina nyuzi za plastiki, na vikifika karoni hujisokota pamoja na nywele na mafuta vikawa kamba, na kamba hiyo ndiyo inayoziba mpira wa gari siku ya kunyonya. Wafuatao ni pampas, taulo za kike, kondomu, mifuko, nyembe na matambara. Mafuta ya kupikia na mabaki ya wali nayo yana makao mengine. Maji ya mvua kutoka bati yasielekezwe karoni hata kidogo, kwa kuwa huyavuruga yaliyotulia na kulisukuma tope nje.

Kuhusu taulo za kike tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu lawama zake huelekezwa mahali pasipostahili. Katika nyumba yenye choo kimoja kwa familia tano, msichana anatarajiwa afanye nini na taulo iliyotumika, ikiwa chooni hamna ndoo yenye mfuniko, na njia ya kwenda jalalani inapita mbele ya vibaraza vyote? Ataitumbukiza. Yeyote kati yetu angeitumbukiza. Mwenye nyumba anayeweka ndoo yenye mfuniko ndani ya choo, akaweka na utaratibu wa kuimwaga bila watu kutazamana, amelisaidia karo lake kuliko yule anayebandika mlangoni tangazo la vitisho. Ndoo hiyo haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya safari moja ya gari.

Ipo pia biashara ya dawa za kupunguza uchafu wa choo. Muuzaji hupita na pakiti ya unga na kuahidi kwamba hutaita gari tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, waliwahi kuzipima dawa za vijidudu zinazouzwa kwa ajili ya mashimo ya vyoo, na hawakuona kwamba zilipunguza tope kuliko pale ambapo dawa haikutiwa. Haishangazi: vijidudu vya kijiko kimoja vinamwagwa mahali ambapo mabilioni ya wenzao tayari wapo kazini. Ama mafuta ya taa, chumvi ya magunia na dawa kali za kuzibulia mabomba, hizo huwaua hao walio kazini. Jiki ya kusafishia sakafu ya choo kwa kiasi cha kawaida haina neno.

Tumetaja mafuta ya taa, na tunajua wengi huyamwaga kwa sababu ya mbu. Hoja yao ni ya kweli, kwani mbu aina ya Culex, ambaye ni mmoja wa waenezaji wa matende, huzaliana kwenye majitaka. Kinachofaa ni wavu mdogo kwenye bomba la hewa na mfuniko uliokaa sawasawa bila ufa. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walitandaza punje nyepesi za plastiki zinazoelea juu ya maji ya mashimo ya vyoo, na mbu wakapungua sana. Hatuwashauri kuiga hilo kwenye karo linalonyonywa kwa gari. Tumelitaja kwa sababu ni jambo lililofanyika karibu na kwetu na vijana wengi hawajapata kulisikia.

Watu wengi hungoja karo liseme lenyewe. Husema kwa kurudisha maji chooni, kwa harufu, na kwa ardhi kuloa juu ya shimo la kunywea. Likifika hapo limechelewa, kwa kuwa tope limekwisha kupita kwenye bomba la kutokea na kuziba vinyweleo vya ardhi. Kunyonya karo ni gharama ya matunzo, ilhali kuchimba shimo jipya la kunywea ni gharama ya ujenzi. Kwa hiyo tunashauri mpime mara moja kila mwaka, wiki chache kabla ya masika.

Chukueni mti mrefu ulionyooka, mviringishie kitambaa cheupe sehemu ya chini, muuteremshe polepole upande wa bomba la kutokea mpaka ugote, msubiri dakika chache, kisha muupandishe polepole. Tope litaacha doa jeusi linaloonyesha kimo chake. Bomba la kutokea, kama fundi alifuata kanuni, lina mkono unaoshuka ndani ya maji. Tope likiwa limekaribia mdomo wa mkono huo kwa sentimita 30, au tumbo la utando wa juu likiwa limebakiza sentimita 15 kuufikia, iteni gari.

Kazi hii ifanywe na watu wawili. Msiinamie shimo, msiwashe kiberiti wala sigara, na asiingie mtu yeyote, hata kwa dakika moja, hata kwa ajili ya simu iliyodondoka. Ndani ya karo mna hewa inayoweza kulipuka, na mna gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo hunuka kama yai viza. Gesi hiyo ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Mtu hudhani harufu imekwisha, kumbe pua ndiyo iliyokwisha, na pumzi chache baadaye huanguka. Anayeanguka asifuatwe shimoni. Ndivyo wanavyokufa watu wawili na watatu mahali pamoja, kila mmoja akimwokoa mwenzake. Pigeni simu ya Zimamoto, namba 114. Mfuniko nao ukaguliwe siku hiyo hiyo. Ukiwa na ufa, ubadilishwe kabla watoto hawajarudi kucheza uani.

Sasa gari lenyewe, ambako fedha zenu nyingi hupotea.

Bei hutajwa kwa tripu, na tripu haiwi kipimo mpaka ujue tangi la gari lina ujazo gani. Ulizeni lita. Gari la lita 10,000 likija kwenye lile karo letu la lita 4,500 litaondoka likiwa halijafika nusu, nawe umelipia safari nzima. Majirani wawili ambao vipimo vya miti yao vinakaribiana wanaweza kuita gari moja siku moja na kugawana gharama, mradi walikubaliane na mwenye gari tangu mwanzo na si baada ya mpira kutandazwa.

Kisha simamieni kinachonyonywa. Mpira ukiachwa karibu na juu utavuta maji ya katikati, ambayo ni mepesi na hayana shida, na tope litabaki lilivyokuwa. Gari litajaa haraka, mtalipa, na baada ya miezi michache choo kitarudisha maji tena, nanyi mtasema karo hili lina mkosi. Fundi anayeijua kazi hukoroga kwanza, mara nyingine kwa kurudisha ndani sehemu ya maji aliyoyavuta, kisha hushusha mpira mpaka chini. Kabla hajaukunja, tumbukizeni mti wenu kwa mara ya pili. Ukipanda na doa refu, kazi haijaisha, na malipo yaliyobaki yabaki mfukoni. Tunasema malipo yaliyobaki kwa sababu hatushauri mtu alipe yote kabla ya kazi.

Hapa lazima tukiri jambo kuhusu ujenzi wetu. Mengi tunayoyaita makaro ni mashimo ya matofali yaliyoachiwa matundu, bila sakafu. Maji hupotea ardhini, tope hubaki likishikana kama udongo wa mfinyanzi, na mpira wa gari hauwezi kulivuta. Fundi atahitaji maji ya kulilainisha, na maji hayo yana bei. Yaingizwe kwenye makubaliano mapema, yasizuke kazi ikiwa katikati na mfuniko uko wazi. Mahali ambapo gari halifiki kwa ufinyu wa njia, zipo pampu za mkono, mojawapo ikiitwa Gulper, zinazovuta tope zito na kulijaza kwenye mapipa. Hiyo ni kazi ya heshima ikifanywa na kikundi chenye kibali, chenye glavu na mabuti, na mapipa yakafikishwa panapotakiwa.

Ulizeni pia topekinyesi linakwenda wapi. Hapa Dar es Salaam yapo mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti, ambako magari hupeleka mzigo na kulipia kuumwaga. Mwenye gari anayetaja bei iliyo chini mno ya wenzake huenda ameiondoa gharama hiyo kwa kumwaga kwenye mfereji usiku. Ombeni kuona kibali, andikeni namba ya gari, daini stakabadhi inayotaja tarehe na ujazo. Gari likiondoka, jazeni karo maji safi kiasi. Hili ni la lazima hasa kwa matangi ya plastiki katika maeneo ambayo maji ya ardhini yako juu: tangi tupu wakati wa mvua huweza kuelea kama mtumbwi na kung'oa mabomba yake yote.

Tunajua wapo wasioita gari. Hungoja masika, mvua kubwa ikipiga wakafungua tundu na kuliacha shimo litapike mferejini. Tunajua pia kwa nini wanatapisha: gari ni ghali, na mvua haina ankara. Hatukuja kuwatukana. Lakini maji yale hupita mlangoni kwa jirani wa chini, huingia kwenye visima vifupi, na hurudi kwenye meza ile ile iliyookoa fedha ya gari. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea mikoa mingi na kuendelea mpaka mwaka 2018. Umbali unaoshauriwa kwa kawaida kati ya choo na kisima ni mita 30 au zaidi. Viwanja vyetu vingi havina mita 30 kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa hiyo kisima chako kinategemea karo la jirani kama chake kinavyotegemea lako. Maji ya visima hivyo yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakiwa maangavu.

Wapo pia vijana wanaoitwa vyura, wanaoteremka mashimoni kwa ndoo na koleo. Mnawafahamu, baadhi yenu ni watoto wenu. Tumekwisha kueleza gesi ile hufanya nini. Anayemwajiri chura kwa sababu ni nafuu kuliko gari amempunguzia bei mwenye nyumba na kumwongezea kijana hatari ambayo hakuna ujira wa siku unaoilipa.

Katika nyumba za wapangaji, ugomvi mkubwa ni nani alipe. Tumesikia hesabu za kila namna: kwa chumba, kwa kichwa, watoto nusu, mgeni wa wiki mbili hahesabiwi. Maoni yetu ni kwamba ujenzi, mfuniko na matengenezo ni ya mwenye nyumba bila mjadala, na kwamba gharama ya kunyonya, kama wapangaji watachangia, iandikwe kwenye mkataba wa pango kabla mtu hajahamia. Stakabadhi ya gari ibandikwe mahali ambapo wote wataiona. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita hawezi kutakiwa kulipia tope la miaka mitatu sawasawa na aliyelikuta likiwa tupu. Hapo busara ya mjumbe inahitajika, na wajumbe wenu wapo hapa.

Kwa wale wachache wenye magari ya kitalii ya kulala ndani, au mabasi yenye choo, tutasema kwa ufupi. Tangi la gari ni dogo, kwa hiyo kosa ambalo karo hulivumilia kwa miaka, hilo hulionyesha kwa siku. Wekeni maji kidogo ndani kabla ya kuanza kutumia, fungeni koki ya chini mpaka tangi lifike kama theluthi mbili, kisha mmwage kwa mkupuo. Koki ikiachwa wazi maji hutangulia, na mzigo hubaki ukijenga kichuguu chini ya tundu la choo. Karatasi ichaguliwe kwa jaribio lile lile la chupa. Wenye magari hayo huko Marekani wamelizoea siku nyingi. Dawa za buluu zinazotiwa kwenye matangi hayo nyingi hufanya kazi kwa kuua vijidudu, basi msizimwage kwenye karo la nyumba ya mtu, na kandokando ya barabara msimwage chochote.

Mwisho ni malalamiko. Gari likichukua fedha na kuacha kazi nusu, au likamwaga mahali pasiporuhusiwa, anzeni kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, mkiambatisha stakabadhi na namba ya gari. Asipojibu au jibu lisiporidhisha, nendeni kwenye mamlaka ya maji ya eneo lenu iliyompa kibali, na baada ya hapo mje kwetu. Lalamiko lenye tarehe, ujazo uliokubaliwa na kipimo cha mti kabla na baada tunaweza kulishughulikia. Lalamiko lisemalo tu kwamba walituibia hutuacha sisi na mtoa huduma tukibishana bila ushahidi. Kwa hiyo hifadhini karatasi hizo pia.

 Tuko tayari kwa maswali, na anayeona haya kuuliza mbele za watu anaweza kutuandikia kwenye kipande cha karatasi na kumkabidhi Ndugu Mtendaji. Tutayajibu yote bila kutaja jina.